Nafasi Iliyo Kati ya Vitu Si Tupu: Hotuba Kuhusu Uga wa Umeme na Uga wa Sumaku

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa mbele ya wanafunzi, walimu na mafundi waliokusanyika kujifunza misingi ya umeme na sumaku. Imewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Walimu, wanafunzi, mafundi, nanyi nyote mliofika, asanteni kwa kuja.

Shikeni sumaku mbili, moja kila mkono. Elekezeni ncha zinazofanana, kisha zisogezeni taratibu. Kabla hazijagusana mikono inahisi msukumo. Unabana, zinateleza pembeni. Unabana tena, zinakataa tena. Angalieni katikati yake: hakuna kamba, hakuna springi, hakuna chochote. Ziwekeni ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, msukumo utakuwa ule ule. Sasa nawauliza: mkono wako unasukumwa na nini?

Mtasema, na sumaku ya pili. Lakini hiyo iko sentimita 3 mbali. Imejuaje kwamba ya kwanza imekaribia? Swali hili lilimsumbua hata Isaac Newton, aliyetupa kanuni ya uvutano. Katika barua ya mwaka 1693 aliandika kwamba wazo la kitu kimoja kutenda juu ya kingine kupitia utupu, bila chochote cha kati, ni upuuzi mkubwa. Aliona tatizo, jibu hakuwa nalo.

Jibu ni uga. Wengine husema uwanja, ila neno uwanja lina kazi nyingi mno, kwa hiyo leo nitasema uga, na wingi wake nyuga. Uga ni hali ya nafasi yenyewe. Sumaku ikiwekwa mezani, kila nukta ya nafasi inayoizunguka inapata vitu viwili: ukubwa na uelekeo. Hapa ni kiasi hiki na unaelekea huku. Sentimita moja kando umepungua kidogo na umepinda kidogo. Sumaku ya pili haina habari na ile ya kwanza kule iliko. Inaitika hali ya nafasi pale pale ilipo yenyewe. Shikeni hilo, maana yote nitakayosema leo yanatoka hapo: nafasi iliyo kati ya vitu si tupu.

Tuanze na uga wa umeme. Chimbuko lake ni chaji. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Hilo mlishalisoma. Lakini zinasukumana kwa kiasi gani?

Mwaka 1785 mhandisi Mfaransa, Charles-Augustin de Coulomb, alipima. Alining'iniza kijiti chepesi kwa uzi mwembamba wa fedha ndani ya chombo cha kioo ili upepo usiguse. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na kijitufe kidogo, na pembeni yake kijitufe cha pili kilichofungwa kisisogee. Akavipa chaji ya aina moja. Vikasukumana, kijiti kikazunguka na kuusokota uzi, hadi msokoto wa uzi ulipolingana na msukumo wa chaji. Sasa sikilizeni hesabu zake. Vijitufe vilipokuwa mbali kwa pembe ya nyuzi 36 (nyuzi za kupimia pembe), msokoto ulikuwa nyuzi 36. Akausokota uzi kutoka juu kuvilazimisha visogee hadi nyuzi 18. Msokoto ukawa 144. Akasokota zaidi, hadi nyuzi 8 na nusu. Msokoto ukawa 575 na nusu. Mnaona? Nusu ya umbali, mara nne ya kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta. Karibu nusu tena, karibu mara nne tena. Kwa uzi mmoja wa fedha akaipata kanuni inayotawala kila atomu.

Na kani hiyo ni kubwa kupita fikra. Chaji mbili za kulombi 1 kila moja (kulombi ni kipimo cha chaji), zikiwekwa mita 1 mbali, zingesukumana kwa kani ya nyutoni bilioni 9, sawa na uzito wa tani laki tisa na ushee. Ndiyo maana hamjawahi kuona kulombi moja imekaa peke yake mahali. Kichana mlichokisugua kwenye nywele kina sehemu chache tu za bilioni za kulombi, na bado kinanyanyua karatasi.

Hebu tukae kidogo na kichana hicho, kwa sababu kila shule hufanya jaribio hili na wengi hushindwa bila kujua kwa nini. Chukua kichana cha plastiki. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, kikaushe kabisa, maana mafuta ya nywele na jasho la mkono hushika unyevu, na utando mwembamba wa maji juu ya plastiki ni njia ya chaji kutoroka. Kisugue kwenye nywele kavu au kitambaa cha sufu mara 15 hivi, kuelekea upande mmoja. Vipande vya karatasi viwe vidogo, milimita 3 au 4. Vikiwa vikubwa uzito wake utashinda. Kichana cha chuma usikihangaikie: chaji yake itapita kwenye mkono wako na kuishia ardhini. Siku ya mvua matokeo yatakuwa hafifu hata ukifanya kila kitu sawasawa; kausha kichana na karatasi kwa hewa ya moto kwanza.

Sasa swali ambalo wachache huuliza: karatasi haina chaji, inavutwa na nini? Karatasi ina chaji chanya na hasi kwa idadi sawa. Uga wa kichana unapoifikia, ndani ya kila molekuli chaji zinasogea kidogo mno. Zile za aina tofauti na kichana zinakuwa karibu nacho, zile za aina moja nacho zinakuwa mbali. Na kwa kuwa uga una nguvu zaidi karibu na kichana, mvuto unaushinda msukumo. Kama uga ungekuwa sawa kila mahali, kuvutwa na kusukumwa kungelingana na karatasi isingekwenda popote. Kisha tazameni vizuri: vipande vingine vinaruka hadi kwenye kichana, vinakigusa, halafu vinarushwa mbali kwa ghafla. Vimegawiwa chaji ya kichana, sasa vinafanana nacho, vinasukumwa.

Tunaupimaje uga wa umeme? Kwa kani inayoipata kila kulombi moja, au kwa lugha ya mafundi, volti kwa mita. Bamba mbili za chuma zilizotengana sentimita 1, zikiunganishwa na betri ya volti 9, kati yake pana uga wa volti 900 kwa mita. Hewa kavu huvumilia hadi takriban volti milioni 3 kwa mita. Zaidi ya hapo elektroni chache zilizo huru hewani huongezwa kasi hadi kuzipiga molekuli na kung'oa elektroni nyingine, nazo zinang'oa nyingine, na mnaona cheche. Kwa hiyo cheche ya milimita 1 inawaambia kwamba palikuwa na volti 3000 hivi.

Mtu atauliza: mbona cheche ya kitasa cha mlango, yenye maelfu ya volti, haiui? Kwa sababu chaji ni kidogo. Nishati yote ni milijuli chache. Kinyume chake, kapasita ya flashi ya kamera, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, ina volti 300 tu, lakini imehifadhi juli kadhaa, na hiyo inaweza kumdhuru mtu vibaya hata baada ya betri kutolewa. Mafundi, mnanielewa. Volti peke yake haitoshi kupima hatari.

Swali jingine. Siku ya anga safi, karibu na ardhi kuna uga wa umeme wa takriban volti 100 kwa mita, unaoelekea chini. Mtu aliyesimama uwanjani, je, kichwa chake kiko volti 170 juu ya miguu yake? Mbona hapigwi? Hapigwi kwa sababu mwili wake unapitisha umeme. Chaji ndani yake husogea mara moja, zinajipanga juu ya ngozi, na uga wake unaufuta uga wa nje ndani ya mwili. Kichwa na miguu vinakuwa na volti sawa. Ni uga wa pembeni yake ndio umepinda kumzunguka.

Jambo hilo hilo mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilionyesha mwaka 1836 kwa namna ambayo haisahauliki. Alijenga chumba cha mbao chenye upande wa karibu mita 3.7, akakizungushia waya na karatasi za chuma, akaingia ndani na vipimo vyake, kisha mashine ya umeme ikakipa chumba chaji nyingi hadi cheche zikaruka kutoka kuta zake za nje. Yeye ndani hakupata dalili yoyote ya umeme, hata kwa vipimo vyepesi kabisa. Chaji zote zilikaa nje. Ndiyo maana gari lenye bodi ya chuma ni mahali pazuri pa kukaa wakati wa radi. Lakini msifikiri chuma chochote huzuia kila uga. Funika sumaku kwa karatasi ya alumini: msumari utavutwa kama kawaida. Sumaku iliyotulia haizuiwi na alumini wala shaba. Inahitaji chuma kizito kinachoweza kuuchukua uga wake na kuupitisha pembeni.

Na hapo tumeshafika kwenye sumaku.

Tofauti ya kwanza ni kwamba chaji chanya inaweza kukaa peke yake. Ncha ya sumaku haiwezi. Vunja sumaku katikati, unapata sumaku mbili, kila moja ina kaskazini na kusini. Vunja tena, ni vile vile. (Mkivunja sumaku za neodimiamu, vaeni miwani ya kinga, hupasuka kama kioo.) Kwa hiyo mistari ya uga wa sumaku haina mwanzo wala mwisho. Inatoka kaskazini, inazunguka nje, inaingia kusini, inapita ndani ya sumaku, inarudi pale pale.

Mnaweza kuiona kwa unga wa chuma, ule unaodondoka fundi anapopiga tupa. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, maana unga ukishaigusa moja kwa moja hautoki. Iweke chini ya karatasi ngumu, nyunyiza unga kidogo kutoka sentimita 25 juu, kisha gonga karatasi kwa kidole. Kugonga ndiko kunakoruhusu kila chembe inyanyuke na kugeuka. Bila kugonga, msuguano huishikilia. Kosa la kawaida ni kumwaga unga mwingi, ukapata mabonge badala ya mistari. Na mkishaiona, msidhani kwamba kati ya mstari na mstari hakuna uga. Mistari ni kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mlima: mlima upo pia pale ambapo mstari haukuchorwa.

Kwa karne nyingi umeme na sumaku vilikuwa masomo mawili. Kilichoviunganisha ni dira moja juu ya meza. Mwaka 1820 huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted alikuwa akitoa mhadhara. Karibu na waya palikuwa na dira. Alipopitisha mkondo wa umeme kwenye waya, sindano ya dira ikatikisika. Aliendelea kuchunguza kwa miezi kadhaa, na Julai mwaka ule akatangaza jambo lililowashangaza wote: mkondo hauvuti sindano kuelekea kwenye waya wala kuisukuma mbali nao. Unaigeuza iwe mkingamo wa waya. Uga wa sumaku unauzunguka waya kwa duara. Hakuna aliyekuwa amezoea kani ya namna hiyo.

Rudieni jaribio lake wenyewe. Mnahitaji dira, betri moja ya volti 1.5, rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 1 inayovumilia wati 2, na nusu mita ya waya. Nyoosheni waya sentimita 1 juu ya sindano, na hapa ndipo wengi hukosea: waya ulale kaskazini-kusini, sambamba na sindano. Ukiulaza mashariki-magharibi, uga wake utaelekea kule kule sindano inakoelekea tayari, au kinyume chake kabisa, na unaweza usione chochote ukadhani Ørsted alidanganya. Mkondo utakuwa karibu ampea 1. Katika sentimita 1, ampea 1 hutoa uga wa maikrotesla 20 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku, maikrotesla ni sehemu yake ya milioni). Uga wa dunia wote ni kati ya maikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Pale ambapo sehemu yake ya mlalo ni maikrotesla 30, sindano itageuka nyuzi 34 hivi. Geuza betri, itageukia upande wa pili. Weka waya chini ya dira, itageuka tena kinyume. Ondoeni meza za chuma, misumari na spika za simu. Zitaipotosha dira kabla hamjaanza. Na msiwashe kwa zaidi ya sekunde 5, rezista inapata moto.

Kumbukeni kanuni ya mkono wa kulia: kidole gumba kielekee mkondo unakokwenda, vidole vingine vikikunjwa vinaonyesha uga unavyozunguka.

Mkiukunja waya kuwa koili, duara za uga zinajumlishana ndani. Mizunguko 100 yenye ampea 1 ni sawa na mzunguko mmoja wenye ampea 100. Chukueni msumari wenye unene wa milimita 5, na waya wa kusukia mota wa milimita 0.3, mita 2. Sukeni mizunguko 100 kwa uelekeo mmoja. Narudia: uelekeo mmoja. Nusu ikisukwa huku na nusu kule, nyuga zinafutana na msumari hauokoti hata pini. Kosa la pili ni kusahau kuukwangua waya kwenye ncha zake. Waya huu umepakwa vanishi; unaonekana kama shaba tupu, lakini hauna mguso hadi upitishe msasa. Waya wa mita 2 una ukinzani wa takriban nusu omu, hivyo betri ya volti 1.5 itatoa karibu ampea 2, kiasi cha kuichosha haraka na kuipasha moto. Gusisheni sekunde 2 au 3, acheni. Msitumie betri ya lithiamu ya simu: ukiipiga shoti hivyo inaweza kuwaka. Na umeme wa ukutani usikaribie kabisa jaribio hili.

Kwa nini msumari unaongeza nguvu kiasi kile? Ndani ya chuma kuna maeneo madogo madogo, kila moja ni sumaku tayari, ila yameelekea kila upande na kufutana. Uga wa koili unayapanga. Chuma laini kikizimwa umeme hupoteza mpangilio huo karibu wote. Chuma kigumu kilichokomazwa, kama bisibisi, hubaki nao.

Kitu cha mwisho kuhusu sumaku kabla hatujaendelea. Uga wa sumaku hauigusi chaji iliyotulia. Unaigusa chaji inayokwenda tu, na unaisukuma mkingamo wa mwendo wake: unaipinda njia bila kuiongezea kasi. Waya wa sentimita 5 wenye ampea 2, ndani ya uga wa tesla 0.1, unasukumwa kwa nyutoni 0.01, yaani uzito wa gramu 1. Ni kidogo, lakini sukeni waya huo mara 200 na mna mota.

Sasa tunafika mahali ninapopapenda kuliko pengine pote.

Kama mkondo unazaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa mkondo? Kwa miaka 11 baada ya Ørsted, watu werevu walijaribu na kushindwa. Mwaka 1825 huko Geneva, kijana aitwaye Jean-Daniel Colladon aliingiza sumaku kubwa kwenye koili iliyounganishwa na galvanomita, kipimo cha mkondo mdogo. Alikuwa mwangalifu. Aliogopa sumaku yake isije ikaitikisa sindano ya kipimo moja kwa moja, akakiweka kipimo chumba kingine. Anaingiza sumaku, anatembea hadi chumba cha pili, anatazama: sindano iko sifuri. Anarudia. Sifuri. Ndugu zangu, sindano ilikuwa inaruka kila mara! Iliruka alipokuwa anaingiza sumaku, na hadi anafika imesharudi. Kilichomnyima uvumbuzi ni hatua zile chache kati ya vyumba viwili.

Tarehe 29 Agosti 1831, Faraday alisuka koili mbili kwenye pete moja ya chuma yenye upana wa sentimita 15 hivi. Moja aliiunganisha na betri, nyingine alipitisha waya wake juu ya sindano ya sumaku iliyokuwa futi 3 mbali. Alipounganisha betri, sindano iliruka, ikacheza, ikatulia. Betri ikiendelea kupitisha mkondo, hakuna kitu. Alipoiondoa, ikaruka tena, upande wa pili. Sumaku iliyotulia haizai umeme. Sumaku inayobadilika ndiyo inayozaa umeme. Mabadiliko, wenzangu, mabadiliko.

Na kiasi kinapigika hesabu: zidisha idadi ya mizunguko, eneo la koili na badiliko la uga, kisha gawanya kwa muda. Hapa ndipo miradi mingi ya jenereta za shuleni inapofia. Mwanafunzi anasuka mizunguko 200 yenye eneo la sentimita 5 za mraba, anapitisha sumaku inayobadilisha uga kwa tesla 0.1 katika sehemu ya kumi ya sekunde. Anapata volti 0.1. Taa nyekundu ya LED inataka karibu volti 2, haiwaki, anasema sumaku ni mbovu. Sumaku si mbovu. Mizunguko iwe 2000 na muda upungue nusu, volti 2 hizo hapo. Tena LED hupitisha mkondo upande mmoja tu. Fungeni mbili sambamba, moja ikielekea kinyume cha nyingine, ili sumaku ikiingia iwake moja, ikitoka iwake ya pili.

Uelekeo wa mkondo huo nao una sheria, aliyoieleza Heinrich Lenz mwaka 1834: hupinga badiliko lililouzaa. Dondosheni sumaku ya neodimiamu kwenye bomba la shaba la mita 1. Ikianguka huru ingechukua chini ya nusu sekunde. Ndani ya bomba inashuka kwa sekunde kadhaa, kana kwamba inazama kwenye asali, na ukichungulia juu utaiona haigusi kuta. Shaba haivutwi na sumaku. Jaribuni kwanza mhakikishe. Ni mikondo inayozunguka ukutani mwa bomba ndiyo inayoibeba. Sumaku iwe inakaribia upana wa bomba. Ikiwa nyembamba sana itapita kasi. Bomba la alumini linafaa, la chuma halifai, itanata.

Transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha volti, ni pete ya Faraday ileile, ikifanyishwa kazi usiku na mchana. Inahitaji AC, umeme unaogeuza uelekeo mara kwa mara, kwa sababu AC inabadilika muda wote. Mpe transfoma DC, umeme wa uelekeo mmoja kama wa betri: upande wa pili utaruka mara moja, kisha kimya, na upande wa kwanza, uliobaki na ukinzani wa waya mtupu, utaungua.

Nitalipitia haraka linalofuata, ingawa lilibadilisha dunia. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliongeza kipande kilichokosekana: uga wa umeme unaobadilika nao huzaa uga wa sumaku. Basi kila mmoja unamzaa mwenzake, na mawimbi yanaondoka yenyewe, bila waya. Alipokokotoa kasi yake kutokana na vipimo vya umeme na sumaku tu, ikakaribiana mno na kasi ya mwanga iliyopimwa. Katika makala yake ya mwaka 1865 alihitimisha kwamba mwanga ni mawimbi hayo. Mwaka 1887 huko Karlsruhe, Heinrich Hertz alirusha cheche kwenye kifaa kimoja, na kwenye kitanzi cha waya kilichokuwa mbali, kisichounganishwa na chochote, cheche ndogo mno ikaitika kwenye mwanya wake.

Nimeacha swali moja makusudi. Ukibonyeza swichi, ni nini kinachofika kwenye taa? Wengi watasema elektroni zimekimbia kutoka kwenye swichi. Tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, mkondo ampea 1. Kila milimita ya ujazo ya shaba ina elektroni huru takriban bilioni bilioni 85. Ziko nyingi kiasi kwamba hazina haja ya kukimbia: zinasogea milimita 0.07 kwa sekunde. Mita 1 ingezichukua karibu saa 4. Kwa umeme wa AC hazifiki kokote, zinatikisika pale pale. Lakini taa inawaka papo hapo! Kilichofika ni uga. Uga umekimbia kandokando ya waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na elektroni zilizokuwa tayari ndani ya taa zimeanza kusogea pale pale zilipo. Mwaka 1884 John Henry Poynting alionyesha hata njia ya nishati: haipiti ndani ya shaba. Inapita katika nafasi inayoizunguka, pale ambapo uga wa umeme na uga wa sumaku vinakutana. Waya ni mwongozo wake.

Mafundi, hii si falsafa. Ndiyo maana waya wa kwenda na waya wa kurudi huwekwa pamoja. Mikondo yao inapingana, hivyo mbali na jozi nyuga za sumaku zinafutana, na nishati inabaki imebanwa karibu nao. Zitenganisheni mfanye kitanzi kikubwa, mmetengeneza antena: itamwaga kelele nje na kupokea za jirani. Zikisokotwa pamoja, kelele inayoingia kwenye msokoto mmoja inafutwa na msokoto unaofuata. Kwenye meza ya nyuma kuna vipande vya waya wa mtandao wa kompyuta na koleo. Chuneni ganda la nje sentimita 30. Mtakuta jozi 4. Hesabuni misokoto ya kila jozi. Haitalingana, na imefanywa hivyo kusudi, ili jozi zilizolala pamoja zisisikilizane.